Kata Wima, Shona Mlalo

Miaka kumi na tisa nimeketi Makoroboi
chini ya jabali ambalo halijaamua kuanguka,
nikipanua viuno vya suruali za walionenepa,
nikilegeza kola za walimu, makwapa ya wanakwaya,
na hajatokea hata mmoja wa kuniuliza:
wewe fundi, wapi panakubana?

Ningemjibu nini?
Neno lipo, govi, lakini limegeuzwa tusi;
watoto huliandika ukutani kwa mkaa.
Nikalimeza pamoja na maumivu,
nikajifunza kukojoa kwa awamu,
nimeuma ncha ya futi kamba,
ngozi ikivimba kama puto kabla haijaachia tone.
Usiku, Holo akigeukia upande wangu,
nilisema nadaiwa nguo za kipaimara.
Kipaimara kikawa Pasaka, Pasaka ikawa Krismasi.
Holo si mjinga. Alihesabu sikukuu.

Mwezi wa sita likaja gari la vipaza sauti,
likasimama Mwaloni, pale korongo wanapogombea matumbo ya sangara:
Tohara bure! Kijana, mzee, njoo!
Sikatai. Wengi walikwenda, wakarudi wakitembea kama mabata,
na baada ya majuma kadhaa wakawa wazima, wanataniana.
Shemeji yangu Luhende alikwenda. Anasifu mpaka leo.
Mimi nilisimama na shati la mtu mkononi,
nikawaza: kola ikibana,
lini nimewahi kuikata nikaitupa?
Baba alizikwa Magu kama alivyozaliwa, na babu pia,
lakini sikuwa nawatetea wao.
Nilikuwa naitetea nguo.

Nikaupanda mlima wa hospitali kwa miguu.
Daktari Nyamizi hakucheka,
wala hakuita wanafunzi waje waone.
Kwanza mafuta ya kupaka, asubuhi na jioni, majuma sita;
nikapaka kwa uaminifu wa mtu anayetia oili cherehani.
Ikalegea kidogo, kama bawaba yenye kutu,
kisha ikakwama palepale.
Ndipo akavuta karatasi, akachora.
"Tohara ingemaliza. Ila ngozi yako haina kovu jeupe,
kwa hiyo iko njia nyingine, ambayo haiulizwi sana.
Nakata wima, kidogo tu, kwenye pete inayobana.
Halafu nashona mlalo."

Nikanyamaza.
Kisha nikacheka hadi nesi akachungulia.
Daktari, hiyo ni yangu!
Ndivyo nilivyomwokoa bibi harusi wa Nyakato
mkono wa gauni ulipogoma kwenye kiwiko:
urefu nikaugeuza upana, bila kuongeza hata kipande.
"Basi tunaelewana, fundi. Lakini jua,
mshono wangu nao unaweza kujikaza tena.
Ukijikaza, tutarudi kwenye tohara."
Nimewajua mafundi wengi mjini hapa.
Anayetaja kasoro kabla ya bei,
huyo ndiye wa kumwachia kitambaa.

Sindano ya ganzi iliniliza, sisemi uongo.
Mkasi sikuusikia.
Nilisikia akiomba uzi, nikauliza namba gani.
"Tulia, fundi."
Ni uzi gani lakini?
"Unaoyeyuka wenyewe."
Uzi unaoyeyuka! Mteja angenipeleka polisi.

Juma zima nilifunga kanga ya Holo ndani ya nyumba,
yeye akichemsha maji ya chumvi bila kuuliza,
mpaka nikamwambia yote, tangu ujana,
tangu awamu, tangu nguo za kipaimara zisizokuwepo.
Alinisikiliza huku anachambua dagaa,
vichwa huku, miili kule.
"Na mimi," akasema, "nilidhani unanibana mimi."

Nyuzi zikaondoka moja moja, sijui lini.
Nikafuata nilivyoelekezwa: taratibu, kila siku, bila kulazimisha.
Asubuhi ya kwanza ya mvua nilisimama chooni
nikamaliza kabla sijaanza kuhesabu.
Nikabaki nimesimama tu, mzee mzima,
nasikiliza bati.

Usiku ule nilitafuta kisingizio kwa mazoea,
ulimi ukaanza wenyewe: nguo za...
"Leo si sikukuu yoyote," alisema Holo,
akazima taa.